Kijiko cha Mama

"Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni," Mama alisema. "Si ndivyo ulivyonielekeza?"

"Nionyeshe hicho kijiko."

Akainuka taratibu, akashika meza, akafungua kabati la vyombo. Akatoa kijiko cha uji. Kile cha chuma chenye mpini uliopinda, ambacho sisi watoto wanne tulikuwa tukikigombania kila asubuhi kwa sababu kilibeba uji mwingi kwa mkupuo mmoja.

Mimi niliposema "kijiko", kichwani mwangu kulikuwa na kijiko cha chai.

Kwenye mkoba nilikuwa na lile bomba dogo la kumnyweshea mwanangu dawa ya kikohozi. Nikavuta maji, nikaanza kumimina kwenye kijiko cha Mama. Mililita 5. 10. 15. Nafasi ikabaki, nikaongeza tone kwa tone mpaka maji yakavimba pembezoni bila kumwagika: 17.

Mara tatu na zaidi ya nilichokusudia. Asubuhi na jioni. Kwa siku kumi na tisa.

Juu ya meza ileile kulikuwa na chupa yenyewe ya kiini cha tangawizi, kadi yake ya kliniki, na kitambaa ambacho Jumapili ile alikishika puani kanisani, damu ikimtoka, tangu mahubiri mpaka baraka za mwisho.

Hiyo ni wiki sita zilizopita. Nimejaribu kuandika mara nne nikaishia kufuta.

Siku ya promosheni

Chupa niliinunua kwenye kosta, Arusha kwenda Moshi. Mnajua inavyokuwa. Gari likishapita Tengeru, kijana mmoja akasimama katikati, begi mgongoni, sauti ya mtu aliyezoea. "Wapendwa abiria, naomba dakika zenu tano tu." Akaanza na presha, akaenda kwenye sukari, magoti, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, usingizi. Nilikuwa nahesabu kwa dhihaka. Tulipofika Usa River alikuwa kwenye ugonjwa wa kumi na nne.

Dukani elfu ishirini. Ndani ya gari elfu kumi, kwa kuwa leo ni siku ya promosheni.

Mwaka 2011 niliwacheka sana watu waliolala barabarani siku kadhaa wakielekea Samunge, kwa Babu wa Loliondo, kutafuta kikombe cha dawa cha shilingi 500. Miaka yote hii nimejiona mjanja. Sasa fikirini nilivyojisikia nilipotoa noti ya elfu kumi, wa kwanza kwenye gari zima. Baada yangu wakanunua wengine sita. Hao nao wananikaa moyoni.

Lakini aliposema magoti nilimwona Mama akipanda ngazi za kanisa kule Kibosho, mguu mmoja kwanza, halafu wa pili unakuja kuungana na wa kwanza, kama mtoto anayejifunza.

Na zaidi ya hapo, ilikuwa tangawizi. Tangawizi ni nini kwetu? Ni chai.

Lebo ilisema: kiini halisi cha tangawizi, asili kwa asilimia 100, haina madhara. Kijiko kimoja mara mbili kwa siku. Kijiko gani, haikusema. Tangawizi kiasi gani imeingia humo, haikusema.

"Kuna dawa nyingine anatumia?"

Mwaka juzi damu iliganda kwenye mguu wa kushoto wa Mama. Tangu hapo anameza warfarini, ile dawa ambayo akina mama wa kliniki wanaiita "ya kulainisha damu", na kila mwezi anapimwa INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Ukiwa na shida kama yake, namba inatakiwa icheze kati ya 2 na 3. Ikishuka chini, damu inaweza kuganda tena. Ikipanda juu, unaweza kuvuja damu ndani kwa ndani bila kujua.

Jumatatu baada ya ile Jumapili ya kitambaa, ilisoma 4.6.

Nesi akauliza, kalamu mkononi: "Mama, kuna dawa nyingine yoyote unatumia zaidi ya hizi?"

Mama akasema hapana. Akanigeukia mimi. Nami nikasema hapana.

Hatukudanganya. Nimeirudia dakika ile mara nyingi usiku, na naapa hatukudanganya. Kwenye gari tangawizi ilikuwa dawa. Mbele ya nesi ilikuwa chai tena.

Chupa niliikumbuka saa nne usiku, nikisukutua mdomo kwa dawa ya meno yenye ladha kali. Kesho yake alfajiri nikapanda Kibosho kumuuliza kuhusu kijiko.

Tuliporudi kliniki na chupa mkononi, daktari aliisoma lebo pande zote, akaizungusha, akatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Kisha akasema sentensi ambayo ndiyo chanzo cha makala hii:

"Siwezi kusema ni tangawizi. Wala siwezi kusema si tangawizi."

Maana maswali yalipoendelea, mengine yakajitokeza. Wiki mbili kabla, Mama alikuwa na mafua makali, hamu ya kula ikaisha, akawa anakunywa uji mtupu. Mchicha na mnafu, mboga zenye vitamini K inayopingana na warfarini, hakugusa. Halafu ikajulikana kuwa jirani alimpa vidonge vya rangi mbili "vya kifua", dozi ya nusu iliyobaki kwa mjukuu wake. Hali zote hizo zinaweza kupandisha INR, kila moja peke yake.

Washukiwa watatu, na hakuna aliyekiri.

Kipande cha tangawizi na chumvi

Ningependa kuichukia tangawizi. Siwezi, kwa sababu ya Bibi.

Tulipokuwa tunasafiri kwenda Dar kwa basi, Bibi alikata kipande cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, akakichovya kwenye chumvi, akakiweka chini ya ulimi wangu kabla gari halijaondoka stendi. "Usikitafune mpaka tumbo lianze kuzungumza." Na kweli, mimi niliyekuwa natapika kabla ya Same, nilifika mpaka Korogwe mzima.

Nilidhani ni mambo ya Bibi. Kumbe mwaka 1982 kuna wataalamu Marekani waliwakalisha wanafunzi 36 wenye tabia ya kuchefukwa na safari kwenye kiti kinachozunguka, huku wamefumbwa macho. Wengine walipewa unga wa tangawizi, wengine dawa ya kawaida ya kichefuchefu, wengine unga usio na kazi. Wa tangawizi ndio waliovumilia muda mrefu kuliko wote. Mwaka 1988 Wadenmark wakawapa gramu 1 ya unga wake vijana wa jeshi la wanamaji waliokuwa hawajazoea bahari. Kutapika na jasho baridi vikapungua. Wengine waliporudia majaribio ya namna hiyo hawakuona tofauti, na hilo nalo nilisema niliandike. Lakini kwa kichefuchefu cha wajawazito, na cha wagonjwa wa saratani wanaopewa dawa kali, ushahidi umekusanyika kiasi cha kutosha kumfanya daktari asikucheke ukitaja tangawizi.

Shuleni bweni, matroni alikuwa na birika la maji ya tangawizi kwa ajili ya wasichana wenye maumivu ya tumbo la mwezi. Tulinong'ona kuwa anabana matumizi ya vidonge. Mwaka 2009 watafiti wa Iran waliwapa wanafunzi wa kike unga wa tangawizi, miligramu 250 mara nne kwa siku, wakawalinganisha na waliopewa ibuprofeni na asidi ya mefenamiki. Nafuu ikakaribiana. Matroni, popote ulipo, nisamehe.

Wala si sisi tulioanza. Wachina wana majina mawili, la tangawizi mbichi na la tangawizi kavu, na wanazitumia kwa kazi tofauti. Confucius alisemwa kuwa hakukosa tangawizi kwenye chakula chake. Mabibi wa pwani wakikuandalia chai yake watakukumbusha kuwa Kurani, Suratul Insan aya ya 17, inawaahidi watu wa peponi kikombe kilichochanganywa na tangawizi. Na mwaka 2021, wakati wa korona, sote tuliona kwenye televisheni tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili vikisagwa pamoja, na tukaona sokoni bei ilivyoenda.

Kuna jaribio moja lililonisimamisha, nikalisoma mara mbili. Mwaka 2012, wagonjwa wa saratani 576, Marekani. Waligawanywa makundi: nusu gramu ya tangawizi kwa siku, gramu moja, gramu moja na nusu, na kundi la vidonge visivyo na kitu. Makundi yote ya tangawizi yalipata nafuu ya kichefuchefu cha siku ya kwanza. Lakini waliofaidi zaidi walikuwa wa nusu gramu na wa gramu moja.

Siyo wa gramu moja na nusu.

Nikakitazama kijiko cha uji.

Na magoti? Magoti ndiyo yaliyonifanya nitoe elfu kumi, kwa hiyo niliyatafuta kwa bidii. Mwaka 2001, watu 247 wenye magoti yaliyosagika walifuatiliwa wiki sita. Waliopewa kiini cha tangawizi, asilimia 63 maumivu ya kusimama yalipungua. Waliopewa kidonge kisicho na kitu, asilimia 50. Yaani kijana wa kosta hakuwa mwongo mtupu; alikuwa na ukweli wa watu kumi na watatu kati ya mia. Tena kiini kile kilikuwa na khulinjani, mzizi wa jamii ya tangawizi, ndani yake, na walioumwa tumbo na kiungulia walikuwa wengi zaidi upande wa waliopewa dawa.

Bado nilitaka jibu la swali langu mwenyewe, la tangawizi na warfarini. Nilikuta kuwa kule Australia, mwaka 2005, wanaume 12 wenye afya njema walipewa vyote viwili na damu yao haikubadilika. Nikashusha pumzi. Halafu nikakuta taarifa za mgonjwa mmoja mmoja, kwingine duniani, ambao namba zao zilipanda baada ya kuanza kutumia tangawizi. Nikaivuta pumzi tena.

Mama si mwanaume, hana afya njema, na wale kumi na wawili hakuna aliyewapimia kwa kijiko cha uji.

Ng'ombe wa Wisconsin

Katika kusoma nikaikuta habari ya warfarini yenyewe, nikampigia Mama simu usiku uleule kwa sababu inahusu ng'ombe.

Miaka ya 1920, huko Marekani na Kanada, ng'ombe walianza kufa kwa kuvuja damu. Ukimkata pembe kidogo, anamwaga damu mpaka anaanguka. Ikagundulika ni majani: aina fulani ya malisho yanayofanana na klova, yakikatwa na kupatwa na unyevu, yakaota ukungu. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alisafiri kwenye theluji mpaka chuo kikuu akiwa na ng'ombe aliyekufa, mzigo wa majani hayo, na kopo la kubebea maziwa lililojaa damu isiyoganda. Alimkuta mwanakemia Karl Paul Link. Kutokana na kopo lile Link na wenzake walifanya kazi kwa miaka, wakalipata lile lililokuwa likizuia damu kuganda, wakalitengenezea ndugu zake. Mmoja wao ni warfarini. Mwaka 1948 ikauzwa kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu.

Mama alikaa kimya kidogo. Yeye ana ng'ombe wawili wa ndani na hakuna siku isiyo na mzigo wa majani.

"Ndiyo maana majani yaliyolala kwenye mvua huwa siyaingizi bandani," akasema. Halafu: "Kwa hiyo mimi nameza majani yaliyooza?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Na ninyi mnasema hiyo ni dawa ya kizungu."

Sikuwa na la kumjibu. Miaka miwili nimekuwa nikimgawia dunia vipande viwili, cha asili na cha hospitali, na kumbe kidonge chake kimetoka zizini. Kilichokitofautisha na mzigo wa majani ni kwamba kuna mtu alikaa akapima, akaandika miligramu 5 juu yake, na kidonge cha leo kina kiasi kilekile cha kidonge cha jana.

Mitungi miwili dirishani

Basi nikaamua kupima.

Mimi huoka keki za kuuza, nina mizani. Nilikwangua tangawizi gramu 100, nikagawa sawa kwenye vyupa viwili vya jamu. Cha kwanza nikamimina maji ya moto mililita 200. Cha pili pombe kali ya dukani, kiasi hichohicho. (Kijana wa dukani aliniangalia vibaya, ilikuwa saa tatu asubuhi, na mtaani kwetu Pasua watu wanajuana.) Nikaviweka dirishani mpaka kesho yake.

Cha maji kilikuwa na wingu jeupe chini, harufu nzuri, ladha ya chai iliyosahauliwa. Cha pombe kilikuwa na rangi ya dhahabu, kimetulia. Nilichovya ncha ya kijiko. Kwanza pombe, halafu sekunde tatu kimya, halafu moto ukaanzia nyuma ya koo ukashuka kifuani na kukaa.

Sababu inajulikana. Ukali wa tangawizi unatokana na kitu kinaitwa jinjeroli, na jinjeroli haipatani sana na maji. Inapenda pombe na mafuta. Ndiyo maana viwanda vinavyotengeneza kiini hutumia spiriti, au hewa ya kaboni iliyoshindiliwa mpaka ikafanya kazi ya kimiminika. Maji ya kettle yanachukua harufu na sehemu ya ukali, mengine yanabaki kwenye makapi unayomwaga. Na tangawizi ikikaushwa, jinjeroli inapoteza maji na kugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ikipikwa, sehemu inageuka zinjeroni, ambayo ni pole na tamutamu. Mbichi, kavu, ya kupikwa, ya kwenye spiriti: jina moja, na kila moja ina tabia yake. Wachina walikuwa na haki ya kuweka majina mawili. Mimi ningeweka manne.

Kisha nikachukua sahani za bati tatu. Ya kwanza nikaweka vijiko viwili vya chupa ya maji, ya pili vya chupa ya pombe, ya tatu vya chupa ya elfu kumi. Nikaziweka moja moja juu ya sufuria ya maji yaliyochemshwa na kuepuliwa, mbali na jiko, madirisha wazi. Nikasubiri zikauke, nikichemsha maji upya kila yalipopoa.

Sahani ya maji iliacha utando mweupe, kama wanga wa muhogo ukikauka kwenye beseni. Sahani ya pombe iliacha duara dogo la kahawia, linanata kama utomvu, na ukilinusa macho yanatoka machozi. Robo ya kijiko cha chai haijai. Hicho ndicho kiini. Ndicho watu wanacholipia.

Sahani ya tatu iliacha mengi. Mengi kupita zote. Ya kahawia iliyoiva, yanang'aa, yanavutika kwa kijiko kama asali. Nilifurahi kwa dakika moja nzima. Nilidhani nimeupata ushahidi, nimemkamata.

Nikalamba.

Sukari. Sukari iliyounguzwa, ile tunayoweka kwenye keki ya matunda ipate rangi. Na ukali ulikuwepo, ila ulikaa kwenye midomo na ncha ya ulimi, ukauma haraka. Mimi naujua ukali huo. Ule ulikuwa ukali wa pilipili.

Sasa niseme nini? Jikoni kwangu si maabara, na ulimi wangu si mashine. Huenda tangawizi ilikuwemo chini ya sukari. Huenda ilikuwemo kidogo sana, na basi nimekuwa nikikosa usingizi kwa ajili ya sharubati. Huenda kulikuwa na kitu cha nne ambacho sijui kukilamba.

Watu wa mguu wa Jake

Mchezo wangu wa sahani, baadaye nilikuja kugundua, ulishawahi kuwa kipimo rasmi cha serikali.

Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia mwaka 1920 mpaka 1933. Lakini kiini cha tangawizi ya Jamaika, kilichotengenezwa kwa spiriti kali, kiliendelea kuuzwa kwenye maduka ya dawa kama dawa ya tumbo. Maskini wakakifanya pombe yao, wakakiita Jake. Serikali nayo ikaweka masharti: lazima kiwe na tangawizi nyingi kiasi kwamba mtu hawezi kukinywa kwa starehe. Wakaguzi walikuwa wanachukua chupa, wanakivukiza, wanapima uzito wa kinachobaki.

Wanapima uzito. Hawaulizi kilichobaki ni nini.

Wafanyabiashara wawili wa Boston wakatafuta kitu cha kuongeza uzito bila ukali. Wakaangukia kemikali moja ya viwandani, ya kulainisha plastiki, isiyo na ladha wala harufu. Mapema mwaka 1930 watu wakaanza kufika hospitalini miguu imekufa kuanzia kwenye vifundo, wakitembea kwa kurusha mguu juu na kuuachia ulitue wenyewe kwa kishindo. Makumi ya maelfu ya watu walipooza, wengi wao hawakupona kabisa. Kila mmoja alikunywa kitu kilichoandikwa tangawizi.

Nilipomaliza kuisoma nilirudi jikoni nikaisugua ile sahani ya tatu kwa majivu, ingawa ilikuwa imeshaoshwa.

Kwetu sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu mwaka 2002, na baraza la kusajili dawa za namna hii lipo. Chupa yangu haikuwa na namba yoyote ya usajili. Niliangalia baada ya siku kumi na tisa. Ningeweza kuangalia kabla ya Usa River.

Mbuyuni

Jumamosi iliyopita nilikwenda soko la Mbuyuni kwa mama mmoja Mpare ninayenunua kwake. Tangawizi yake inatoka milimani Same, upande wa Miamba. Anauza kwa mafungu, na hakuuzii mpaka amevunja kidole kimoja mbele yako. Kinakatika kwa mlio, ndani kuna manjano mbichi yenye mduara mwembamba kama wa kijani, na nyuzi zimesimama kama nywele za mswaki mchakavu.

"Nyuzi nyingi, imekomaa. Hii ya chai," akasema. Akavunja nyingine, laini, haina nyuzi. "Hii changa, ya achari. Usije ukalalamika haiwashi."

Nikamuuliza kama na yeye anauza ile ya chupa.

"Dada, ya chupa nitaivunjaje nikuonyeshe?"

Nikanunua fungu la elfu moja, la nyuzi.

Kadi

Namba ya Mama ilishuka baada ya wiki mbili. 2.7. Daktari alikuwa amesimamisha dozi mbili na kuanza tena, vidonge vya jirani viliisha, mchicha ulirudi mezani, chupa niliichukua mimi. Tulibadilisha kila kitu kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo sitajua kamwe. Hili nimelikubali asubuhi, na usiku huwa sijalikubali.

Kliniki ya juzi nesi aliuliza swali lake la siku zote, kalamu mkononi. Kabla sijafungua mdomo, Mama alifungua mkoba, akatoa fundo la khanga, akalifungua juu ya meza. Ndani kulikuwa na pakiti ya warfarini, vidonge vya presha, kichupa cha mafuta ya mwarobaini anachopaka magotini, majani makavu ambayo hata mimi sikuwahi kuyaona, na kipande cha tangawizi.

Nesi alitazama, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka na kuanza kuandika. Kimoja kimoja. Chini ya mstari wa warfarini miligramu 5 kuna mstari, kwa kalamu ya bluu: *tangawizi, chai, vikombe 2 kwa siku.*

"Basi niache chai?" Mama akauliza.

"Kunywa kama ulivyozoea, mama. Usiongeze, na usipunguze. Ukitaka kubadilisha chochote hapa, hata hayo majani, tuambie kwanza."

Mama akafunga fundo lake. Tulipofika getini akanishika mkono ili ashuke kile kingo cha barabara, mguu mmoja kwanza, halafu wa pili. Akaniuliza ile chupa niliiweka wapi.

Nikamwambia nilimwaga.

"Na chupa yenyewe? Ilikuwa na mfuniko mzuri ile. Ungeniletea niwekee mafuta."